Baada ya Upasuaji wa Sikio: Kazi Inayobaki Nyumbani



Dada yetu mkubwa alifanyiwa upasuaji wa sikio hapa Uingereza mwaka 2016. Kwa miaka mingi alivaa shimesikio, vile vifaa vya kukuzia sauti, hata zikawa hazimfai tena. Akawekewa kipandikizi cha koklea. Aliporejea nyumbani tulipika pilau, tukasoma dua ya shukrani, tukaamini kuwa mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Wengi hutuuliza habari za siku ile ya upasuaji. Wachache huuliza habari za miaka iliyofuata. Na hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza.

KIFAA CHENYEWE

Koklea ni kijumba kidogo ndani ya sikio, kilichojikunja mfano wa konokono. Ndani yake mna vinyweleo vidogo mno ambavyo hupokea sauti, na kwa binadamu vikifa havioti tena. Hapo shimesikio hukuza sauti bure, kwani mpokeaji hayupo. Kipandikizi hupita njia nyingine. Sehemu ya nje, yenye maikrofoni, hugeuza sauti kuwa alama na kuzipitisha kwenye ngozi hadi sehemu ya ndani. Hizo mbili hushikana kwa sumaku. Kutoka hapo uzi mwembamba wenye elektrodi, uliotiwa ndani ya koklea, huuamsha mshipa wa fahamu wa usikivu kwa umeme.

Matibabu haya hutolewa na NHS bila ya malipo kwa anayestahiki. Mwaka 2019 taasisi ya NICE ililegeza kipimo kutoka desibeli 90 hadi 80, kwa mtu ambaye shimesikio hazimsaidii vya kutosha. Kwa hiyo mzee aliyekataliwa kabla ya mwaka huo asikate tamaa; na aombe kupimwa upya. Watoto wanaostahiki huwekewa masikio yote mawili, na mtu mzima aghalabu sikio moja.

KOSA LETU

Kifaa kiliwashwa wiki chache baada ya upasuaji, kidonda kilipokwisha kupona. Dada yetu alisema sauti zetu zilikuwa kama za kasuku aliyefungiwa ndani ya debe, kisha akalia. Mtaalamu wa usikivu akatueleza kwamba ubongo unajifunza lugha mpya ya umeme, na kwamba maendeleo makubwa aghalabu huonekana katika mwaka wa kwanza.

Sisi hatukumsikiliza. Tuliona mgonjwa amepona, tukaacha kumkabili tunapozungumza naye. Televisheni ikabaki wazi, watu wanne wakisema kwa pamoja. Akiuliza, “Mmesema nini?” tulimjibu, “Si kitu, bibi.” Neno hilo, “si kitu”, lilimuumiza kuliko kisu cha daktari. Mwezi wa tatu tukakikuta kifaa ndani ya mtoto wa meza, na mwenyewe amekaa kimya.

Alipoulizwa alisema, “Kiziwi anayejulikana kuwa kiziwi husemeshwa kwa subira. Mimi sasa sina hata hiyo subira yenu.”

MAZOEZI KWA KISWAHILI

Mazoezi aliyopewa kliniki yalikuwa ya Kiingereza, ilhali yeye huwaza kwa Kiswahili. Basi tukarudi kwenye ualimu wetu wa zamani. Tuliandika jozi za maneno yanayokaribiana: pika na piga, fua na vua, toa na doa, panda na banda. Kila baada ya Magharibi mjukuu wake alikaa naye robo saa, mdomo ameuziba kwa karatasi ili bibi asisome midomo, akitaja neno moja, naye bibi akilionyesha. Siku moja aliambiwa nguo zimefuliwa, akasikia zimevuliwa. Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho kilikuwa dawa. Baada ya maneno zikaja sentensi, kisha hadithi, kisha simu.

HALI ILIVYO LEO

Sasa huzungumza na jamaa wa Unguja kwa simu, na amerudi kwenye darsa la akina mama. Lakini tusidanganyane. Katika ukumbi wa harusi hupotea kabisa. Taarabu aliyoipenda humfikia fidla na udi vimechanganyika kama kelele za jikoni. Na akivua kifaa usiku huwa kiziwi kama awali, hivyo king'ora cha moto chumbani mwake ni cha taa na cha kutikisa mto.

Yapo pia mambo yetu wenyewe. Mtandio ukisugua maikrofoni huleta mkwaruzo, basi huupanga vizuri. Wakati wa kutawadha huvua sehemu ya nje. Ile ya ndani imo chini ya ngozi, haizuii maji. Kwenye sijida kifaa kilikuwa kikianguka, hata kikafungwa kwa kijikamba na kibanio. Aidha, kila mwenye kipandikizi ahakikishe amechanjwa dhidi ya nimonia na homa ya uti wa mgongo, na amwambie daktari yeyote anayetaka kumpiga picha za MRI, kwa sababu ya ile sumaku. Kliniki nayo haiachwi. Huendewa maisha yote.

Ndugu zetu, daktari hufungua mlango kwa saa chache. Kuupita ni safari ya miaka, na msafiri hasafiri peke yake. Mwenye mzee aliyewekewa kifaa hiki na azime televisheni, amkabili, aseme taratibu bila ya kupiga kelele. Na akiulizwa, “Mmesema nini?” alirudie neno zima, hata kama lilikuwa ni la kuomba chumvi.

Wabillahi tawfiq.