Kuinua Pikapu Uani: Mmeitazama Breki?

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu twaenda kazini nyuma ya pikapu, tumesimama, tumeshika vyuma. Gari likiguswa huko chini, maisha yetu yameguswa, hata kama ufunguo si wetu.

Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipanda, maji yakaingia katika mitaa ya kando ya ziwa hapa Bujumbura. Mwenzetu mmoja wa Kinindo, dereva, akachoka kuogelesha Hilux yake kuukuu. Akanunua vifaa vya kuiinua, akatuita Jumapili uani kwake.

Kazi ya nyuma haikutusumbua. Springi za nyuma ni pande za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Tulifungua yu-bolti, tukatia kipande cha chuma cha sentimita 5 kati ya ekseli na springi, tukafunga yu-bolti mpya, ndefu zaidi. Za zamani hazirudishwi, zimekwisha kuvutika. Shokomzoba nazo, au amotisa kama wasemavyo mafundi wa hapa, zilibadilishwa kwa ndefu.

Aibu yetu ni jeki. Tuliisimamisha juu ya udongo mtupu, uliolainika kwa mvua, tukaegemeza gari kwa matofali. Jeki ikazama, tofali likapasuka, gari likashuka kwa kishindo. Kijana aliyekuwa chini alikuwa ametoka dakika ile ile kuomba spana. Hatukusema neno kwa muda. Kisha tukaazima stendi za chuma, tukazikalisha juu ya mbao nene, na hapo ndipo tulipopaswa kuanzia.

Mbele, Hilux ya namna ile haina springi za pande. Ina fimbo mbili za chuma zinazojipinda. Ukikaza bolti zake, gari hupanda. Lakini ukizidisha, maungio ya ekseli hukaa kwa pembe mbaya na kuliwa upesi. Tulipandisha kidogo tu, kisha gari likaenda kupimwa magurudumu.

Tulikuwa tunanawa mikono alipopita jirani, mzee fundi. Akachungulia chini, akauliza: "Na kile kifimbo cha breki mmekifanyaje?" Tukatazamana.

Juu ya ekseli ya nyuma pana kifimbo kinachoshika vali ya breki. Gari likibeba mzigo, mwili wake hushuka, kifimbo husukuma vali, breki za nyuma hupata nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, mwili hupanda, vali hupunguza nguvu hiyo ili matairi yasiteleze. Sasa sisi tulikuwa tumeupandisha mwili sentimita 5: vali itadhani gari ni tupu hata likijaa watu. Hebu fikirini mteremko wa kutoka Bugarama hadi mjini, zaidi ya mita 1,000 kwenda chini, kona juu ya kona, na watu 12 nyuma!

Mzee alitengeneza kishikizo cha kukiinua kifimbo kwa kipimo kile kile. Akatazama pia paipu ya breki: ilikuwa imevutika kama kamba ya nguo. Ikabadilishwa kwa ndefu. Taa zikashushwa zisiwapofushe wanaokuja mbele. Baada ya safari fupi yu-bolti zikakazwa tena, na mbili kati yake zilikuwa zimelegea.

Jumatatu mwenye mizigo alipoliona gari limesimama juu, alifurahi, akaleta magunia mengi kuliko kawaida. Dereva akamweleza kwamba kipande cha chuma hakiongezi nguvu ya springi, wala ya ekseli, na kwamba gari refu hupinduka upesi zaidi kwenye kona. Wakabishana hadi saa 2 asubuhi. Magunia ya ziada yakabaki chini, nasi tukapanda.