Neno "Singe" na Ndevu za Mfalme

Kuku akishanyonyolewa hupitishwa juu ya ndimi za moto, vinyoya vilivyosalia vibabuke. Pasi ya moto mno nayo huubabua ukosi wa sare asubuhi ya gwaride, bila kuutoboa. Kuungua huko kwa juujuu Waingereza hukuita "singe", kutokana na "sengan" la Kiingereza cha kale. Baadhi ya wataalamu hulihusisha na kuimba, kwa mlio wa kitu kiunguapo. Na mwandishi akiidondosha "e" katika "singeing", kubabua husomeka kuimba!

Mwaka 1587 Francis Drake aliteketeza meli za Hispania bandarini Cadiz, ikasemwa amezibabua ndevu za Mfalme Philip wa Pili. Ndevu huota: mwaka 1588 manowari za Philip zilitweka kuielekea Uingereza.