Meza ya Wenyeji

Msimu wa theluji ukianza huwa napokea wageni, na wengi huja na lawama ileile: Uswisi hakuna usiku. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Dar es Salaam, alisimama dirishani hapa kijijini kwetu, jimbo la Luzern, ikiwa saa mbili tu usiku, akaniuliza, "Shangazi, hawa watu wamehama?" Yeye aliuliza kwa adabu. Wengine husema wazi kwamba Waswisi ni wakavu na bahili, hawajui kufurahi, na kwamba anayetaka starehe apande milimani, Zermatt au Verbier, ambako watu hucheza juu ya meza wakiwa bado na viatu vyao vya kuteleza kwenye theluji.

Kuhusu starehe hiyo ya milimani sina mengi. Muziki ni wa juu na bei ni za juu, na kuna baa za Verbier ambamo utasikia Kiingereza zaidi kuliko Kifaransa. Anayeipenda ajifurahishe. Ila asirudi kwao akasimulia kwamba ameona namna Waswisi wanavyoishi usiku.

Usiku wao uko ndani ya Beiz. Hiyo ni baa ya kijiji au ya mtaa, yenye paneli za mbao, jiko la joto pembeni na chakula cha kawaida. Ndani yake, karibu na mlango wa jikoni, kuna meza moja, mara nyingi ya mviringo, yenye kibao cha shaba au chuma katikati. Hiyo ndiyo Stammtisch, meza ya wenyeji. Mgeni akiketi hapo bila kukaribishwa, mhudumu atamhamisha. Najua wageni walioondoka wamenuna, wakasema wamebaguliwa. Hawakubaguliwa. Walikuwa wamekalia baraza la watu.

Nasema baraza kwa sababu sioni jina jingine linaloistahili. Hapo mfuga ng'ombe huketi bega kwa bega na seremala, na mwalimu na diwani wa kijiji. Waswisi huitwa kupiga kura hadi mara nne kwa mwaka, juu ya mambo mazito na madogo, kuanzia pensheni hadi ujenzi wa barabara, na hoja hizo huchambuliwa mezani hapo kabla hazijafika kwenye sanduku. Nimesikia watu wakigombana kuhusu daraja hadi mishipa ya shingo ikawasimama, kisha mmoja akamlipia mwenzake bia. Anayesema watu hawa ni baridi amewaona kituo cha treni tu.

Kuna namna ya kuketi, nayo ina adabu zake. Hakuna anayeonja kinywaji kabla kila mmoja hajapata chake. Kisha glasi hugonganishwa, mtu kwa mtu, na unayegonga naye unamtazama machoni, na kama unalijua jina lake unalitaja. Watu wanane wakiketi pamoja, hiyo ni migongano 28, na hakuna anayeharakisha. Ukigonga huku macho yako yako kwenye simu, umemvunjia mtu heshima.

Halafu karata. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno machache sana nyumbani, na mimi kwa muda mrefu nilidhani hanipendi. Siku aliyonivutia kiti nicheze Jass ndipo nilipomwelewa. Kitambaa kidogo cha kijani hutandikwa juu ya meza, karata 36 hugawiwa kwa watu wanne, wawili wakishirikiana dhidi ya wawili. Huku kwetu alama za karata ni waridi, kengele, ngao na mbegu za mwaloni. Upande wa magharibi wa nchi hutumia kopa na jembe kama sisi Waswahili tulivyozoea. Ghulamu wa turufu ndiye mkubwa wa wote na ana pointi 20, akifuatwa na tisa ya turufu yenye 14. Hesabu huandikwa kwa chaki juu ya kibao cheusi. Kumwambia mwenzako una nini mkononi ni marufuku, kwa hiyo unajifunza kumsoma mtu kwa karata anazotupa. Mzee yule alikuwa akipata turufu nzuri anaishusha polepole, anaigonga kwa kifundo cha kidole, kisha anainua macho kunitazama mimi, mshirika wake. Mapenzi yake yote kwa mke wa mwanawe yalikuwa katika mtazamo huo.

Mezani hapo ndipo nilipoijua Kafi Luz, kahawa ya Luzern inayoandaliwa ndani ya glasi. Wazee husema: tia sarafu chini ya glasi, mimina kahawa mpaka sarafu isionekane, kisha mimina pombe kali ya matunda mpaka ionekane tena. Hawamaanishi ufuate kanuni hiyo, bali ujue kahawa yake ni nyepesi sana.

Lawama nyingine inawahusu wahudumu: hawatabasamu. Tangu 1974 malipo ya huduma yamo ndani ya bei, kwa hiyo mhudumu wa Beiz hachezi ngoma ya bakshishi. Akikuchekea, amefurahi kukuona. Nami naona hiyo ni heshima kwake na kwako.

Na mijini? Usiku wa Zürich ulipiganiwa. Mwaka 1980 vijana waliingia mitaani na kupambana na polisi mbele ya jumba la opera, kwa sababu jiji lilitaka kulimwagia jumba hilo mamilioni ya faranga huku wao wakinyimwa pahali pa kukutana. Sheria ya baa ililegezwa mwaka 1998, ndipo mtaa kama Langstrasse ukafunguka. Anayetaka kukesha na aende Basel wakati wa kanivali ya Fasnacht: Jumatatu, saa kumi kamili alfajiri, taa za katikati ya mji huzimwa, ngoma na filimbi zinaanza kwa mpigo mmoja nyuma ya taa kubwa zilizochorwa, na baa nyingi ziko wazi zikiuza supu ya unga wa ngano uliokaangwa.

Kinachoniuma ni kwamba Beiz zinafungwa. Mwaka 2005 kiwango cha pombe kwa madereva kilishushwa kutoka 0.8 hadi 0.5 kwa elfu, na mkulima anayeishi mlimani akaanza kunywea kwake. Marufuku ya sigara ya 2010 siilaumu. Nguo zangu zilinuka vya kutosha. Ila mwenye Beiz akizeeka, watoto wake wako Zürich, na jengo linauzwa ligeuzwe fleti.

Kwenye miji ya theluji ni mbaya zaidi. Huko nyumba zilinunuliwa na wageni wanaokuja wiki chache kwa mwaka, mpaka Waswisi wakapiga kura Machi 2012 kwamba nyumba za aina hiyo zisizidi asilimia 20 katika kila halmashauri. Kwa vijiji vingi kura ilikuwa imechelewa. Beiz haiwezi kuishi kwa wateja wa wiki chache. Imefungwa, au imekuwa baa ya msimu yenye didjei na bila meza ya wenyeji. Kwa hiyo mtalii anayetazama madirisha yenye giza na kusema Waswisi wamelala, ajue mengi ya madirisha hayo ni ya watalii wenzake.

Vipo vijiji ambavyo wakazi wamekataa, wakachanga hisa na kuichukua Beiz yao kwa ushirika. Chetu ni kimojawapo. Nina hisa yangu, na kwenye mkutano wa kwanza ajenda iliyobishaniwa zaidi ilikuwa kama meza ya wenyeji ihamishwe ili kupisha meza mbili za watalii. Nilipiga kura ya hapana, na tulishinda.