Tumwombee mgonjwa au tumpeleke hospitali?



Katika wodi za hospitali za misheni, sisi wauguzi huulizwa mara nyingi: "Sista, mgonjwa wetu tumwache hapa au tumpeleke kwenye maombi?" Wanaouliza si wajinga. Ni mama aliyelaza mtoto mwenye degedege, au kaka aliyeuza mbuzi ili amtibu mdogo wake na bado haoni nafuu. Mwezi huu tulitazame swali hili kwa utulivu, maana likijibiwa vibaya linaweza kugharimu maisha ya mtu.

MTU NI MMOJA

Mgonjwa huja hospitali na mwili unaouma. Huja pia na hofu, madeni, ugomvi wa shamba na ndugu yake, na pengine dhambi inayomsumbua. Mtu mwenye presha anayekesha kwa sababu ya kesi ya urithi anahitaji vidonge, na anahitaji pia kupatana na ndugu zake. Lakini mwenye malaria kali, hata kama moyo wake umejaa amani, wadudu wa malaria wataendelea kuharibu damu yake mpaka apate dawa.

Sisi wa Ngara tulijifunza jambo hili pale Benaco. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, wakakusanyika Benaco. Kwanza walihitaji maji safi, vyoo, chakula na dawa. Hakuna sala iliyokuwa mbadala wa maji safi. Lakini walikuwemo waliofiwa na watoto na wazazi, na walikuwemo pia waliobeba uzito wa mambo waliyotenda wao wenyewe katika mauaji ya kimbari. Vidonda vya namna hiyo havifungwi kwa bandeji. Vinahitaji mtu wa kusikiliza, sala kwa ajili ya marehemu, toba na Kitubio. Kambi ilifungwa mwishoni mwa 1996, na leo Benaco ni kituo cha biashara na malori. Funzo lile bado linatuhusu.

KANISA LINAFUNDISHA NINI

Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anaagiza mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Ndiyo asili ya Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Nayo sura ya 38 ya Yoshua bin Sira inatuambia tumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, na dawa zatoka katika ardhi aliyoiumba. Sura hiyo hiyo inamwambia mgonjwa asali, atubu, kisha ampe tabibu nafasi. Mwaka 2000 Vatikano ilitoa maelekezo juu ya sala za kuomba uponyaji, ikakumbusha kwamba kusali hakumzuii mtu kutumia tiba.

Familia nyingi bado zinaogopa kumwita padre, zikidhani kwamba mgonjwa akipakwa mafuta basi safari imefika. Sivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifafanua kwamba sakramenti hii si ya wanaokata roho tu. Anaweza kuipokea mwenye ugonjwa mzito, mzee aliyedhoofika, na anayekwenda kufanyiwa operesheni kubwa. Anaweza kuipokea tena ugonjwa ukizidi. Basi msingoje mpaka mgonjwa asiweze hata kuitikia "Amina".

HATARI YA KUACHA DAWA

Hapa ndipo tunapopoteza watu. Mgonjwa anaombewa, anajisikia mwepesi, kisha anaambiwa kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Tuelewe kinachotokea mwilini:

1. Dawa za VVU (ARV) huzuia virusi visizaliane. Kipimo kinaweza kuonyesha kwamba virusi havionekani katika damu, lakini vimejificha mwilini. Dawa ikiachwa vinaamka, na vinaweza kuwa sugu.

2. Mgonjwa wa kifua kikuu anaweza kupata nafuu baada ya wiki chache, lakini tiba ya kawaida ni miezi sita. Akiacha katikati, vijidudu vilivyobaki vinaweza kurudi na kuambukiza nyumba nzima.

3. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo na kufa. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si pepo.

Tukumbuke mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Wapo waliotolewa hospitalini ili wapelekwe huko, na wapo waliofia kwenye foleni.

Je, Mungu haponyi kwa muujiza? Anaponya, na muujiza wa kweli hauogopi vipimo. Wale wakoma kumi wa Injili ya Luka, sura ya 17, Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ndio waliothibitisha kupona. Kule Lourdes, Ufaransa, madaktari huchunguza kila habari ya kupona kabla askofu hajatamka lolote. Kwa hiyo anayeamini kwamba amepona aendelee na dawa, aje apimwe, na mganga wa hospitali ndiye aseme kama dawa ziachwe.

KUWEKEA MIKONO

Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa wilayani Biharamulo. Wagonjwa 10 waliohesabiwa, wawili kati yao wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo, wote walifariki. Ugonjwa huu huambukiza kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti. Mlipuko ulitangazwa kuisha Machi 13, 2025, lakini tahadhari haiishi. Mgonjwa akiwa na homa kali, kutapika, kuhara au kutoka damu, msimguse wala kumwekea mikono. Toeni taarifa kituo cha afya, na salini mkiwa mbali. Mungu anasikia hata mtu anaposalia mlangoni.

JUMUIYA IFANYE NINI

Jumuiya ndogo ndogo inapomtembelea mgonjwa:

• Iulize kwanza kama amekwenda kupimwa. Kama bado, itafute pikipiki au nauli. Hiyo nayo ni sala.

• Waende wachache, wafungue madirisha, wanawe mikono kwa sabuni, na wasikae muda mrefu.

• Wamsikilize kuliko kumhubiria. Wasimwambie kwamba ameugua kwa dhambi zake, wala wasitafute mchawi.

• Wasali kwa ufupi na kwa sauti ya chini, wamwombee yeye, wanaomuuguza na wanaomtibu.

• Wamuulize kama anataka Kitubio, Komunyo au Mpako, kisha wampe paroko taarifa.

• Kabla ya kuondoka, mmoja achukue zamu ya kumkumbusha dawa, mwingine kuteka maji, mwingine kupalilia shamba lake.

• Mtu asiyelala, anayesikia sauti au anayesema anataka kufa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Magonjwa ya akili yana tiba, na asiachwe peke yake.

Wapo ambao hawatapona hata baada ya dawa na sala zote. Hao tusiwakimbie wala kuwalaumu kwamba imani yao ni ndogo. Tuwapunguzie maumivu kwa dawa, tuwaoshe, tuwashike mkono pale ambapo ugonjwa hauambukizi kwa kugusa, na tuwasaidie kupatana na Mungu na jamaa zao. Februari 11 ni Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1993. Kila jumuiya iandike majina ya wagonjwa wake mapema, wanaostahili Mpako wapelekwe kwa padre, na wasiopimwa bado wapelekwe hospitali.

Mungu awabariki na kuwajalia afya njema.