KINYONGA WA RWENZORI NA SANDUKU LA KAMPALA

Hakuna mtoto wa Kampala asiyemjua kinyonga. Katika nyumba za askari za Mbuya, au za polisi kule Naguru na Nsambya, akionekana tu juu ya ua wa maua watoto hukimbia wakipiga kelele, na pengine mtu mzima hutafuta fimbo. Waganda humwita nawolovu. Wazee wengi wa Afrika walisimulia kwamba ndiye aliyetumwa kuwaletea wanadamu habari ya uzima, akachelewa njiani hata mauti yakamtangulia. Kwa hadithi hiyo mnyama huyu amechukiwa bure.

Kinyonga hana sumu. Akishikwa kwa nguvu anaweza kuuma, lakini jeraha lake ni dogo. Chakula chake ni nzi, panzi na wadudu wengine, ambao huwanasa kwa ulimi mrefu kuliko mwili wake. Hata ule ugeugeu anaosingiziwa si hila ya kujificha tu. Rangi yake hubadilika kwa baridi na joto, kwa hofu, kwa hasira na wakati wa kutafuta mwenzi.

Wenyeji wa mlimani

Huyo wa uani ni mmoja tu kati ya aina zaidi ya 200 zinazojulikana duniani. Uganda imejaliwa kuwa na aina nyingine zilizo adimu sana, hasa katika misitu ya magharibi. Katika Milima ya Rwenzori na misitu ya milima jirani yuko kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Mwaka 1901 mtaalamu Boulenger wa jumba la makumbusho la London alimwandika kwa mara ya kwanza katika elimu ya wanyama, akampa jina la Sir Harry Johnston, aliyekuwa mwakilishi mkuu wa Serikali ya Kiingereza nchini Uganda. Mwaka huo huo Boulenger alimwandika mwingine wa Rwenzori, ambaye dume lake lina bamba lililochomoza mbele ya pua. Jina lake la kitaalamu, lililotokana na Kigiriki, maana yake ni pua ngeni. Huyu makao yake ni milima hiyo tu, upande wa Uganda na upande wa Kongo.

Wanyama hawa wameumbwa kwa ajili ya ukungu, usiku wa baridi na majani yenye umande. Hawajui kunywa maji katika bakuli, bali hulamba matone. Kila mmoja hupenda kukaa peke yake, na akiwekwa mbele ya mwenzake muda mrefu hudhoofika kwa wasiwasi.

Safari ya zaidi ya kilomita 300

Tuchukue mfano wa askari aliyepangiwa kazi upande wa Kasese. Siku ya likizo imefika, naye angependa kuwapelekea watoto wake zawadi ya ajabu. Anamtia kinyonga wa pembe tatu katika sanduku na kupanda naye basi hadi Kampala. Nia yake ni njema, lakini chini ya paa la bati, saa saba mchana, sanduku lile huwa tanuri. Mnyama hukauka koo ilhali bakuli la maji li mbele yake. Akiwa ni jike mwenye mayai, hutafuta udongo wenye unyevu wa kuyafukia, na akiukosa huyazuia tumboni, na huenda yakamwua. Watoto huamka asubuhi na kukuta zawadi yao imekufa.

Hata wafugaji wa Ulaya na Marekani, wenye mitambo ya kunyunyiza maji na taa maalumu, hupata taabu kubwa kuwaweka hai wanyama waliotolewa porini. Wengi hufika wakiwa na minyoo na uchovu wa safari. Wengine huleta hasara ya namna nyingine. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya, jamaa wa hawa wa Rwenzori, walipelekwa visiwa vya Hawaii ili wauzwe. Waliachiwa bustanini, wakatoroka na kuzaana, na leo wanawala wadudu na konokono wa asili ambao visiwa hivyo vinajitahidi kuwahifadhi.

Wajibu wa kila nyumba

Kwa sababu hiyo biashara ya vinyonga hawa kati ya nchi na nchi imewekewa masharti na mkataba wa kimataifa, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1991. Mwaka huo huo Rwenzori ilifanywa hifadhi ya taifa. Aidha, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inasema kuwa mnyama aliye porini yuko mikononi mwa Serikali kwa niaba ya wananchi, na kumkamata au kumweka pasipo kibali ni kosa. Polisi anayekagua mizigo barabarani au Entebbe hana budi kukumbuka kwamba kasha dogo lenye matundu laweza kubeba mali ya taifa zima.

Nyumbani nako kazi ipo. Kinyonga akiingia uani, mama au baba na ampandishe juu ya kijiti, amrudishe kichakani, na watoto wasimame kando watazame macho yake mawili yakigeuka kila moja upande wake. Anayetaka kumwona yule wa pembe tatu na amfuate mlimani kwake, kwenye ukungu wake. Mtoto aliyefundishwa hivyo, siku akivaa sare na kupangiwa lindo Kasese, atarudi likizo na masimulizi, na sanduku lake halitakuwa na kitu ila nguo zake.