Oili Chafu: Kutoka Ngozi ya Fundi hadi Maji ya Kisima

Katika gereji za Gerezani, Dar es Salaam, oili iliyokwisha kutumika kwenye injini huitwa oili chafu, na si yote hutupwa. Hupakwa kwenye mbao kuzuia mchwa na hata kumwagwa madimbwini kuua viluwiluwi vya mbu, ushauri ambao zamani ulitolewa na watu wa afya wenyewe. Inayobaki huishia mtaroni, na mvua huipeleka mitoni na visimani.

Ndani ya injini, oili huungua kwa kiasi na kukusanya masizi, chembe za metali na kemikali zinazoweza kusababisha saratani ya ngozi. Saratani hutanguliwa na dalili ndogo: vinyweleo huziba, vipele vyeusi hutokea mikononi na mapajani, ngozi hukauka na kupasuka. Fundi anayenawa kwa petroli hujiumiza zaidi, kwani petroli huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Sabuni na maji vinatosha. Kitambaa chenye oili nacho hakifai kukaa mfukoni. Katika viwanda vya pamba vya Uingereza, mafuta ya mashine yaliyolowesha suruali za wafanyakazi yalileta saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani, tena baada ya miaka mingi. Ndiyo maana mbele ya kidonda kisichopona, swali “unafanya kazi gani?” ni sehemu ya uchunguzi.

Filta husahaulika, ingawa hubaki na oili nyingi. Itobolewe ingali na joto, iachwe ichuruzike kwa saa 12 au zaidi, kisha chuma chake kipelekwe kuyeyushwa. Oili yenyewe ihifadhiwe kwenye pipa lenye kifuniko, bila kuchanganywa na petroli, maji wala mafuta ya breki, maana ikichanganywa ni vigumu kuisafisha. Iliyo safi kiasi hicho huweza kuondolewa maji na uchafu ikawa oili tena, au kuwa nishati katika matanuri ya saruji, ambamo joto hupita nyuzi 1,400.

Isiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa, asitapishwe wala asinyweshwe maziwa ili atapike: hatari kubwa ni oili kuingia mapafuni. Apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa aliyoinywea.