Afya ya Mgeni katika Kisiwa cha Mombasa: Utangulizi

Katika uwanja wa afya ya wahamiaji utakutana na daktari, mwanahistoria, mwanasheria, mkunga na mzee wa mtaa, kwa maana swali lenyewe ni lao wote: mtu aliyehama kwao, afya yake huwaje akishafika ugenini? Na waliompokea nao huwaje?

Nimechagua kulifuata swali hilo kutoka kisiwani Mombasa, ambako watu hawajaacha kuja. Mji wa Kale, kutoka Fort Jesus iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 hadi Bandari ya Kale, ni mitaa ya wahamiaji. Hata Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, wanaohesabiwa kuwa ndio wenyewe, wamo miongoni mwao wenye asili ya Pate, Faza na Shaka. Kisha wakaja Wahadhrami, Mabulushi, Mabohora, Wagoa, Wabarawa. Anayetaka kutenga mwenyeji na mgeni hapa atafanya kazi ya bure.

Wengi huingia katika taaluma hii na dhana moja: kwamba mgeni huja na maradhi. Dhana hiyo ni ya zamani, na si ya kutupwa bila kuichunguza. James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki. Aliufuata ugonjwa huo nyuma kwa nyuma, kutoka Unguja hadi Pangani, na kutoka Pangani hadi njia za misafara ya bara zilizopita nchi ya Wamasai. Ni kweli basi kwamba maradhi husafiri na watu. Lakini kipindupindu huua zaidi pale kinapokuta maji machafu na watu waliobanana, na hayo hayaletwi na msafiri.

Tazama pia reli ya Uganda. Kati ya 1896 na 1901 wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, wakishukia Mombasa. Walikuwa watu wa kazi, walioajiriwa kwa nguvu zao. Takriban 2,500 walikufa, na wengine zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa hawajiwezi. Malaria, kuhara damu na vidonda viliwakuta huku, kambini na kazini. Walifika wazima, wakaharibikiwa hapa. Jambo hili utaliona tena na tena katika fani yetu: mara nyingi anayehama ni mwenye nguvu katika nyumba yao, na afya yake huanza kushuka baada ya kufika.

Wakati mwingine ni sisi tunaowapa wengine maradhi. Chikungunya ilizuka Lamu mwaka 2004, ikafika Mombasa mwaka huo huo, na mwaka uliofuata ikavuka hadi Komoro na Réunion, kisha India. Ilisaidiwa na mbu anayezaliana katika maji yaliyotulia: pipa lililo uani, ndoo isiyofunikwa, dumu lililojazwa na mchuuzi wa mkokoteni kwa sababu bomba halitoi maji. Homa ya dengi nayo imetusumbua kwa njia hiyo hiyo. Mkimbizi aliyehamia chumba cha nyuma katika nyumba ya aina hiyo ataumwa na mbu yule yule anayemuuma mwenye nyumba.

Sura ninayotaka uisome kwa makini zaidi ni ya Wabarawa, watu wa mji wa Barawa wa pwani ya Somalia. Vita vya Somalia vilipopamba moto mwaka 1991, familia nyingi zilikimbilia Mombasa kwa mashua. Kambi zikaanzishwa huko: Utange, Benadir, Swaleh Nguru. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 zote zilikuwa zimefungwa. Wakazi wake wengine wakapelekwa Kakuma na Dadaab, wengine wakachukuliwa Marekani, na wengine wakabaki kimya kimya mitaani, kwa jamaa na marafiki. Hawa wa mwisho hawakuhitaji kujieleza sana. Lugha yao, Chimiini, ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Mwanamke wao akijifungua, jirani alijua la kufanya: mzazi akandwe kwa maji ya moto, afungwe mkaja, anyweshwe uji wa pilipili manga, akae ndani hadi arubaini. Mgonjwa akizidiwa aliandikiwa kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikayeyushwa kwa maji ya waridi, akanywa. Kombe haliui vimelea vya malaria, na mgonjwa wa malaria apelekwe hospitali. Ila aliyeuguzwa na watu wanaomfahamu huweza kufika hospitali mapema zaidi, kwa kuwa yupo wa kumshika mkono na kumpeleka. Hospitalini nako ni rahisi karani amwandike Mbarawa kuwa Msomali na kumwitia mkalimani wa Kisomali, ilhali muuguzi anayezungumza Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, angemwelewa vizuri zaidi akitega sikio.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Mombasa imeona maana yake waziwazi. Hospitali ya Aga Khan ya mwaka 1944 na ile ya Pandya ya mwaka 1947 zilianzishwa na jamii ambazo wazee wao walivuka bahari. Leo wanatibiwa humo Wadigo, Wakamba, Waluo na yeyote mwenye uwezo wa kulipa.

Uwezo huo, na makaratasi, ndiyo yanayonitia wasiwasi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya, si raia peke yake, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imefungua mlango zaidi. Lakini kujisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huanza na nambari ya kitambulisho. Wapemba walioishi pwani yetu kwa vizazi walitambuliwa kuwa raia mwaka 2023 tu. Wamakonde iliwabidi watembee kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai uraia wao. Mama asiye na kitambulisho huogopa dawati la usajili, akazalia nyumbani. Mtoto naye akakosa cheti, na miaka kumi na minane baadaye akakosa kitambulisho. Kwa maoni yangu, hakuna kirusi kinachowadhuru wahamiaji wa pwani kwa muda mrefu kama kukosa karatasi hiyo, na mtafiti asiyeihesabu miongoni mwa visababishi vya maradhi hajaianza kazi.

Ukija kutafiti Mji wa Kale, basi, usianzie hospitali. Kaa barazani, piga hodi kwa kina mama, uliza mtu akiugua usiku humwamsha nani kwanza. Kisha ukishaandika matokeo yako, yarudishe kwa Kiswahili kwa wale waliokujibu, kabla hujayapeleka kwingine.